Kidole Kilichosita

Kila alasiri, Sharifa alipotoka shule, alibaki na mdogo wake Mussa ili mama yao akaendelee na kazi kwenye shamba la korosho la kijiji. Siku hiyo alikuwa akitwanga makopa ya muhogo nyuma ya nyumba yao pale Likombe, akisaidiwa na rafiki yake Esta. Mussa, ambaye hajatimiza miaka mitatu, alikuwa jikoni akigonga sufuria na kuimba.

Mara Sharifa akaacha kutwanga. Hakujua kwa nini. Alihisi tu kwamba jikoni kumetulia mno. Akautupa mchi, akakimbia.

Mussa alikuwa ameketi chini akikohoa, machozi yanamtoka. Mkononi ameshika chupa ya soda ambamo mama aliweka mafuta ya taa.

Esta, aliyemfuata mbio, akamhimiza Sharifa amtapishe mtoto. Kabla hajafikiri, Sharifa alikuwa ameshampanua Mussa mdomo, kidole kimegusa ulimi. Kisha kidole kikasita. Alikumbuka siku aliponyonya mafuta kwa mpira ili ajaze taa, akapaliwa, kifua kikamwaka kutwa nzima. Yaliyomchoma mtoto yakishuka yangemchoma tena yakipanda, na huenda yangeingia kifuani.

"Tusimtapishe," alisema. "Mimi nampeleka zahanati. Wewe mkimbilie mama."

Sharifa akambeba Mussa wima kifuani, akachukua na ile chupa. Njiani, kila mtoto alipokohoa, alitamani kumtia kidole; kila mara alijizuia.

Muuguzi, Bi Sabina, aliinusa chupa, akauliza kama mtoto ametapishwa. Sharifa alijibu hapana, akiogopa kwamba amekosea, akamsimulia jinsi utulivu wa jikoni ulivyomshtua na jinsi kidole chake kilivyosita. Bi Sabina akashusha pumzi. Alimvua Mussa shati lililolowa, akamsikiliza kifua, akakaa naye mpaka kikohozi kikatulia na mtoto akaomba uji.

Mama alikuwa ameshafika, anahema. Alikiri kwamba chupa ya soda si mahali pa mafuta, akaahidi kuyaweka juu, kwenye dumu.

Bi Sabina akamgeukia Sharifa. "Mwanangu, moyo ndio uliokukimbiza jikoni, na ulifanya vema kuusikiliza. Lakini moyo huohuo ulitaka umtapishe, na mafuta yangemwingia mapafuni. Moyo ukikuita, itika. Ukikutuma, iulize akili kwanza."

Sharifa akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo alipolia, amelala mapajani mwa mama yake, na Mussa akampapasa nywele kwa mkono uliojaa uji.