Siku Kwaya Ilipokataa Kunyamaza

Wenzangu wa Kathonzweni, na ninyi wa ng'ambo huko Kitui, leo sina hadithi ya kuchekesha. Ninayo ya nyumba moja tu, nyumba ya Ndolo, mwalimu wa kwaya. Nitaanza na uzuri wake kabla sijafika kwa kubomoka kwake, maana nikianza na kubomoka mtasema walikuwa watu wabaya. Hawakuwa watu wabaya. Hapo ndipo penye uchungu.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, ukipita kwa Ndolo jioni ungesikia kuimba kabla hujaona moshi wa jikoni. Mkewe Syokau alikuwa akikaa mlangoni akisuka kiondo. Binti yao wa pekee, Syombua, alikuwa akipukuchua mbaazi kwenye ungo. Ndolo akitoka shambani na jembe begani, anatupa noti moja tu: "Do!" Binti anaidaka palepale bila kuinua macho, "Mi! So!", na mama anaingia chini yao na sauti yake nzito, na hapo wameshakuwa kwaya. Waliokwenda mtoni kuchota maji waliweka mitungi chini wakasikiliza. Mimi nawaambia, hata ng'ombe wa jirani walikuwa hawana haraka ya kwenda nyumbani.

Msichana huyo aliitwa Syombua kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Ndolo alipenda kusema kwamba mtoto wake alisikia mvua ikipiga mabati kabla ya kusikia sauti ya mama yake, na ndiyo maana muziki ulimwingia mapema. Alimfundisha yeye mwenyewe. Alipofika umri wa kuimba kanisani alimpa nafasi ya kuongoza, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu sauti ile ilikuwa haina mpinzani. Ndolo naye alikuwa na sikio la ajabu. Kwaya nzima ikiimba, angekunyooshea kidole wewe uliyeshuka kidogo, umesimama nyuma kabisa karibu na ukuta. Likumbukeni sikio hilo. Tutalirudia.

Sasa, kanisani kwetu siku hizo kulikuwa na sheria. Mtu akianguka dhambini "aliwekwa nyuma." Maana yake alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, hagusi meza ya Bwana, haimbi kwenye kwaya, na waumini wanamwepuka mpaka atubu mbele ya watu na arudishwe. Akifa kabla hajarudishwa, anazikwa bila mchungaji na bila wimbo. Ndolo aliipenda sheria hiyo kuliko hata wazee wa kanisa. Mzee Ndululu alipokufa, yule aliyewekwa nyuma kwa kupika pombe ya miwa, mjane wake alikuja kwa Ndolo akaomba wimbo mmoja tu, hata ule mfupi.

"Mama, kwaya ni ya Bwana," Ndolo alimjibu. "Si ya kusindikiza walevi."

Yule mama alikwenda zake, na Ndululu akafukiwa kimya. Syombua aliyasikia yale akiwa jikoni, akamwuliza mama yake kama Mungu angekasirika kwa wimbo mmoja. Syokau alimwambia achochee kuni na aache maswali.

Mwaka uliofuata walikuja vijana wa kuchimba bwawa. Bwawa liliisha, vijana wakaenda, na Syombua akabaki na mimba. Mnajua inavyokuwa. Mwenyewe alificha mpaka pale ambapo leso haifichi tena. Wazee wa kanisa walikutana, na Mwangangi, aliyekuwa mkubwa wao, akamgeukia Ndolo kwa upole.

"Mwalimu, huyu ni mtoto wako. Sisi tutasikia utakalosema."

Hapo palikuwa na mlango, ndugu zangu! Mlango wazi kabisa! Angesema tu, "Wazee, nihurumieni," na wangemhurumia, maana wengine wao walikuwa na mabinti. Lakini Ndolo aliona macho ya watu, akakumbuka maneno yake mwenyewe kwa mjane wa Ndululu, akaona aibu kujipunguzia mzigo aliowatwika wengine.

"Awekwe nyuma kama wengine," akasema.

Basi Syombua akakaa benchi la nyuma. Kwaya ikiimba, yeye aliinamisha kichwa. Wasichana aliokuwa akiimba nao walipita kando wakitazama mbele. Nyumbani Ndolo aliongeza sheria yake, ambayo hakuna mzee aliyemwagiza. Jioni moja Syombua alikuwa akikoroga sufuria ya muthokoi, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kusudi tu moyo upate kupumua.

"Nyamaza," Ndolo alisema kutoka mlangoni.

"Baba, nilikuwa naimba tu pole pole."

"Nimesema nyamaza. Hutaimba katika nyumba yangu mpaka kanisa likufungulie mdomo."

Syokau aliweka kiondo chini. "Baba Syombua, huyo ni mtoto. Hata kanisa halikusema asiimbe jikoni."

"Wewe usinifundishe kanisa."

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikawa kimya. Waliochota maji mtoni walipita bila kusimama. Wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana na kuchimba matuta, walikuwa wakija kwa zamu kwenye shamba la Syokau, lakini wale wa kanisani wakaanza kuwa na udhuru. Mmoja anaumwa mgongo, mwingine ana mgeni. Walikuja wachache tu wasiojali mambo ya benchi, akiwemo mjane wa Ndululu. Ndiyo, yule yule.

Halafu ikaja habari iliyompandisha Ndolo kichwa. Watu wa redio wangekuja kanisani na mashine zao, warekodi kwaya, na nchi nzima isikie. Mazoezi yakawa kila siku. Ndolo alikula amesimama. Syokau alimwambia siku za Syombua zimekaribia, kwamba amvumilie asiende mbali, na ikiwezekana azungumze mapema na Mutunga, mwenye pikapu pekee katika kijiji, ampeleke hospitali.

"Redio ikishaondoka nitazungumza naye," Ndolo alisema. "Watu wanataka waone nazunguka na tumbo la msichana kwa gari, wiki ile ile ya kurekodi?"

Mimi nasema kwamba hapo alikuwa hapendi muziki tena. Alikuwa anapenda kusikika.

Ikafika Jumamosi, siku ya soko, kesho yake redio ije. Wengi walikuwa wamekwenda Kathonzweni na mbuzi wao na mbaazi zao. Kwaya iko kanisani, na kanisa liko juu ya kilima, na nyumba ya Ndolo iko chini yake, ng'ambo ya mto wa mchanga. Mzee Mwangangi alikuwa amekaa benchi la mbele akisikiliza, akitikisa kichwa kwa furaha. Walikuwa katikati ya wimbo wa mwisho, ule mgumu, na kwa mara ya kwanza sauti zote zilikuwa zimekaa mahali pake.

Ndipo Ndolo akasikia nduru.

Ilikuwa mbali na nyembamba, chini ya sauti za kwaya, lakini niliwaambia habari za sikio lake. Alijua ni nduru. Alijua imetoka wapi. Alijua hata koo lililoipiga, maana alikuwa ameimba nalo miaka yote ya ndoa yake. Na Mkamba yeyote anajua nduru ni nini. Ukiwa unalima unaacha jembe. Ukiwa unakula unaacha chakula. Hata kama umegombana na mwenye kupiga, unakimbia kwanza, ugomvi utaukuta.

Kaluki, mwimbaji wa sauti ya pili aliyesimama karibu na dirisha, naye alisikia. Alinyamaza akageuka.

"Mwalimu, kuna mtu anapiga nduru. Kama ni huko kwako."

Ndolo aliona yote kwa mara moja. Kwaya nzima ikiteremka kilima. Mwangangi akiingia nyumbani kwake. Watu wote wakisimama uani wakitazama aibu yake ikizaliwa, na wimbo umevunjika, na kesho redio. Akajiambia ni uchungu wa kawaida wa uzazi, wanawake hupiga kelele. Akajiambia wako majirani.

"Ni watoto wanacheza," akasema. "Kaluki, rudi mahali pako. Sauti ya kwanza, pandisheni!"

Akainua mikono yake, nao wakapandisha. Waliimba kwa nguvu, wakalijaza kanisa sauti, na nduru ikazama humo. Walirudia wimbo mara kadhaa mpaka Ndolo akaridhika. Mwangangi alimshika mkono akamwambia Mungu amefurahi. Sijui alijuaje.

Ndolo alishuka kilima akitembea haraka, na alipovuka mchanga wa mto akaanza kukimbia. Alimkuta Syokau amekaa chini uani, leso yake imelowa damu, na mtoto mchanga amefungwa kwenye sweta mapajani mwake. Mtoto alikuwa akilia. Ndani hakukuwa na sauti nyingine.

"Syombua yuko wapi?"

Syokau alimtazama. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya mkwaruzo, imekwisha kabisa.

"Mtoto alitoka vizuri. Damu ikakataa kusimama. Nilipiga nduru. Sikuweza kumwacha niende kwa watu, nilikuwa nimemshika. Nilipiga mpaka koo likafa. Na nyinyi niliwasikia. Syombua pia aliwasikia. Mlipopandisha, akasema, 'Mwaitu, mama yangu, hawajambo leo, wamepata ile sehemu.' Ndilo neno lake la mwisho."

Ndolo aliingia ndani, na sitawaeleza aliyoyaona, na yeye mwenyewe hajawahi kuyasema.

Watu walianza kurudi kutoka soko. Mutunga naye alipoitwa alikuja na pikapu yake mbio, akateremka bila kufunga mlango, akaambiwa amechelewa. Mtu mzima yule alishika kichwa akalia.

"Lakini nilisikia nduru!" alisema. "Haki ya Mungu niliisikia, nikashika ufunguo. Halafu nikasikia kwaya inaendelea kuimba pale juu. Nikasema, kama kungekuwa na jambo kwa mwalimu, si kwaya ingenyamaza? Nikajua mtoto amezaliwa salama. Nikaketi."

Na sio yeye peke yake. Waliobaki nyumbani siku hiyo, mmoja baada ya mwingine, walisema hivyo hivyo. Walikuwa wamesikia nduru, wakasikia na wimbo, wakauamini wimbo. Ndolo alisimama katikati yao akisikiliza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamlaumu, kwa sababu walidhani hakusikia.

Syombua alizikwa siku ya pili yake. Watu wa redio waligeuzia gari njiani. Ndolo alimwendea mzee Mwangangi, akavua kofia, yeye aliyekuwa akivuliwa kofia.

"Mzee, naomba kwaya. Wimbo mmoja. Hata ule mfupi."

Mwangangi alikuwa akilengwa na machozi. "Mwalimu, sheria unaijua kuliko mimi. Hakuwa amerudishwa. Nikimfungulia wako, nitamwambia nini mjane wa Ndululu?"

Basi kwaya ikasimama kando na nguo zao za Jumapili, midomo imefungwa. Udongo ukaanza kuanguka. Ni hapo Kaluki aliposhindwa kuvumilia.

"Mwalimu, mimi nilikuambia," alisema huku akilia. "Nilikuambia kuna nduru. Ukasema ni watoto."

Watu waligeuka wakamtazama Ndolo, na Syokau naye akageuka, maana hata yeye alikuwa hajui. Ndolo hakukataa. Alisema, "Nilisikia," basi. Syokau alimkabidhi mwanamke wa karibu yule mtoto, akakaa chini palepale penye udongo.

Aliyeanza kuimba alikuwa mjane wa Ndululu. Hakuimba wimbo wa kanisa. Aliimba ule wa mwethya, wa kuchimba matuta, ambao mmoja anauliza na wengine wanajibu huku majembe yakishuka pamoja. Wanawake wa kikundi wakachukua majembe kutoka kwa wanaume wakamfunika Syombua kwa wimbo huo. Kaluki alitoka kwenye mstari wa kwaya akajiunga nao, na wengine wakafuata. Ndolo alijaribu. Alifungua mdomo atafute noti ya kuingilia, yule bingwa wa noti, na hakuna kilichotoka.

Hakuimba tena, hata alipozeeka. Hakuna aliyemweka nyuma. Alikwenda mwenyewe Jumapili iliyofuata, akakaa lile benchi la mlangoni, na wazee walipomwomba arudi mbele alitikisa kichwa. Syokau alikaa upande wa pili wa kanisa. Walikaa nyumba moja kama wapangaji wawili. Mtoto aliitwa Syombua kama mama yake, na alikua akicheza miguuni pa babu yake pale nyuma. Siku moja, angali mdogo, alisikia kwaya akaanza kufuatisha, sauti safi kabisa. Watu waligeuka. Wakamwona Ndolo ameufunika uso wake kwa kofia, mabega yanatikisika, na mkono wake mwingine unamwashiria mtoto aendelee, aendelee.

FUNZO

Ndugu zangu, sipingi sheria za kanisa, na kwaya naipenda kuliko wengi wenu. Lakini tusijifiche nyuma ya nyimbo. Mtu aliyeanguka ukimkalisha nyuma, kaa naye huko nyuma, usimwache peke yake na mlango. Wewe mzazi, usimwadhibu mtoto wako ili majirani wakuone mtakatifu, maana majirani watarudi makwao na wewe utabaki na kaburi uani. Na nyumba yenye dhambi ni nyumba kama nyingine, nduru yake ni nduru. Ukiisikia, kata wimbo hata kama umefika pale patamu, ukimbie. Mungu ataungoja wimbo wako. Syombua hakuweza kungoja.