Herufi za Jezi ya Nathanaeli

Enzi za Mwingereza, pale Vudee mwenye cherehani ya miguu alikuwa Koleta, na asubuhi hiyo alikaa barazani akitarizi kwa uzi mweupe jina la kijiji kifuani mwa jezi za timu. Kazi yenyewe kero tupu. Kitambaa kilikuwa chepesi mno. Ukikitia sindano hivi hivi kinajikunja, herufi zinakwenda upogo. Basi alitandika gazeti chini, akashona, kisha akalichana. Ilipobaki jezi ya mumewe, Nathanaeli, magazeti yakamwishia.

Wifi yake Dorkas akapita. Wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Daudi, mwana wa pekee wa Dorkas, alikufa kwa homa, na kabla matanga hayajaanuliwa mjomba wake Nathanaeli akapewa nafasi yake uwanjani. Koleta alishangilia. Dorkas alimwona.

“Tandika hiki, wifi,” alisema sasa, akimpa kitambaa cheupe, kikavu.

Koleta alifurahi, akadhani kinyongo kimekwisha. Herufi zikatoka safi kuliko zote. Nathanaeli akazibeba jezi, akateremka Same kwenye mechi.

Baadaye Dorkas alirudi, akainama sikioni mwa Koleta.

“Kile ni baki la sanda ya mwanangu.”

Katika ukoo ule baki la sanda huzikwa na maiti. Halirudi nyumbani kamwe.

“Hukulizika?”

“Nililificha. Leo Daudi atacheza.”

Koleta alitimua mbio kuteremka mlima, akimwomba Mungu asimnyang'anye mume. Alipofika, mechi ilikuwa imekwisha. Nathanaeli alikaa peke yake ukingoni mwa uwanja. Wenzake walisimama mbali naye.

“Amepiga mguu wa kushoto tu,” nahodha Hezroni alinong'ona. “Kama marehemu.”

Koleta alimvua mumewe jezi, akaigeuza. Kwa nyuma, herufi siku zote huonekana kinyume. Hizi hazikuwa kinyume. Zilisomeka vizuri kabisa.

DAUDI.

Akafumua. Akafumua mpaka uzi wa mwisho. Nathanaeli akashusha pumzi, akavaa koti lake.

“Twende nyumbani,” alisema, kwa sauti yake mwenyewe, na Koleta akalia kwa furaha.

Walipanda mlima. Kwenye njia panda, Nathanaeli hakushika njia ya kwao. Alikwenda kwa Dorkas, dada yake, aliyekuwa amesimama mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ingia.”

Koleta aliita jina la mumewe. Hakugeuka. Akaita tena. Akaiinua jezi juani: kitambaa laini, hakina hata tundu moja la sindano.

Ndipo mtu yule akageuka kufunga mlango, koti likiwa wazi. Matundu yalikuwa kifuani mwake, madogo, yamenyooka mistari, na kwenye la mwisho ulining'inia uzi mweupe.