Ufagio wa Mtu wa Tokyo

"Wageni wawili. Siku tatu. Bila haraka. Majani yameiva."

Mibu Kanae alisoma ujumbe huo akiwa kwenye foleni ya achari ya figili, sokoni Nishiki. Akaufuta. Akatoka kwenye foleni.

Muuza achari alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Kwa mtu mwingine hiyo ilikuwa oda ya safari. Kadi ya Kanae ilisema hivyo hivyo: mpangaji wa safari za utulivu, Kyoto, bustani na mahekalu. Lakini ofisi yake ya kweli ilikuwa Tokyo, kwenye jengo lisilo na kibao mlangoni, na kwa ofisi hiyo maneno yale yalikuwa na maana moja tu.

Dressel ametua.

Amekuja kuchukua jicho.

Jicho lilikuwa kipande cha kioo kisichozidi punje ya choroko. Ukiliweka kwenye pua ya kombora, kombora linaona gizani, linaona kwenye mvua, linaona meli iliyozima kila taa. Lilitengenezwa kiwanda kimoja kusini mwa mji, na aliyeliiba alikuwa mhandisi mpole wa hapo hapo kiwandani, Tsukuda Sadaharu.

Mdogo wake Kanae. Tumbo moja.

Sadaharu alipooa alichukua jina la ukoo wa mkewe, kama wanavyofanya kwenye nyumba zisizo na mtoto wa kiume, kwa hiyo hakuna aliyewaunganisha. Watu wa Dressel walimtumia picha ya bintiye akivuka barabara kwenda shule. Picha tupu, bila hata neno. Akaiba. Halafu akampigia dada yake simu, akashindwa kuongea, akabaki anapumua tu.

Kanae alimfuata bosi wake, Kumagai, mtu mnene asiyependa kusimama. Kumagai alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa sharti.

"Dressel akikamatwa nalo mwilini kabla hajaingia kwenye gari lake, nitaandika kwamba mdogo wako alikuwa mtu wetu tangu mwanzo. Likiingia garini, simjui. Na wewe humjui."

"Nikimkamata mapema?"

"Mapema liko mkononi mwa mdogo wako. Hapo mwizi ni nani?"

Kilichobaki kwa Kanae kilikuwa kupanga safari.

Akapanga, maana Dressel alimkodi akidhani ni mpangaji wa safari tu. Siku ya kwanza mahekalu matatu na bustani ya kuvumwani, mimea laini inayofunika mawe. Dressel, mfanyabiashara wa Ulaya aliyejisifu kwamba ameijua Japani miaka ishirini, alimjibu kwa heshima zote kwamba wao si kundi la basi. Akafuta mahekalu mawili. Siku ya pili Kanae aliweka kunusa ubani, wafumaji, na chakula cha jioni kando ya mto. Akafuta wafumaji. Akaandika kwamba mtu anayekimbia Kyoto haoni Kyoto.

Mtu anayekimbia pia huonekana. Hilo hakuliandika.

Siku ya tatu Dressel aliipanga mwenyewe. Alitaka karamu kamili ya chai, ile inayochukua saa nne nzima, yenye chakula na mapumziko bustanini. Mwandalizi atakuwa bwana mmoja Tsukuda, rafiki wa marafiki. Kanae atafute nyumba. Kanae akae kama mgeni wa mwisho, kwa kuwa anazijua taratibu.

Hakuna sehemu bora ya kupokezana jicho kuliko hiyo. Chumba cha chai hakiingii simu, hakiingii saa wala pete, visije vikakwaruza vyombo. Hakuna anayepapasa mgeni. Hakuna anayepiga kelele. Jicho litakaa chini ya kifuniko cha kikopo cheusi cha chai, na kikopo, kwa desturi, lazima kizungushwe kwa wageni wakitazame.

Kila mstari aliouandika Kanae ulimsogeza mdogo wake hatua moja kwenye shimo. Na aliuandika kwa lugha nzuri.

Nyumba aliyoipata ilikuwa Nishijin, ndani ya kichochoro ambacho hata Suzuki ndogo haipiti. Gari la Dressel, Toyota Century nyeusi, lingesubiri mwanzo wa kichochoro, barabarani. Kumagai na timu wangekuwa kwenye Hiace, mitaa michache mbali. Na pale kichochoroni angekuwepo Ogata, jitu la judo kutoka Tokyo, amejifunga taulo kichwani kama mtunza nyumba, bastola ya SIG chini ya aproni.

Kanae alimfundisha Ogata kila kitu. Redio. Ishara. Mlango wa nyuma. Jina la mwenye nyumba.

Ufagio hakumfundisha.

Nani Kyoto anafundishwa kufagia? Unafagia mbele ya mlango wako, kisha unavuka mpaka wa jirani kidogo, upana wa ufagio, unaishia hapo. Usipovuka kabisa, wewe ni bahili wa roho. Ukivuka zaidi, umemwambia jirani kuwa ni mvivu, na umemtwika fadhila ambayo hatalala mpaka airudishe. Mtoto wa Kyoto anayajua hayo kabla hajajua kufunga viatu.

Ogata alikuwa mtu wa Tokyo, mwenye moyo mzuri. Asubuhi ile alifagia mbele ya nyumba yao. Halafu akafagia mbele yote ya jirani, Bibi Tokuko, akaokota na majani kwenye vyungu vyake vya maua. Halafu akapanyunyizia maji.

Bibi Tokuko alifungua mlango, akaona, akafunga.

Ndani ya muda wa kuchemsha birika, kichochoro kizima kilikuwa na habari. Mke wa fundi mikeka alimwambia mama wa saluni. Mama wa saluni aliipeleka kwa muuza tofu, na ukishaambia tofu umeambia wilaya. Na pale kwenye tofu, akinunua kipande cha kukaanga ale amesimama, alikuwepo Wakui.

Wakui Daigo alikuwa mkono wa kulia wa Dressel, mtu wa Osaka, mabega mapana, mdomo mwepesi. Walipokaa kwenye benchi la kusubiri, bustanini mwa nyumba ya chai, alimsimulia Kanae kisa chote akicheka.

"Dada wa safari, mtunza nyumba wako umemtoa wapi? Anafagia kama anatafuta kura."

Kanae akacheka naye. Akasema wa zamani aliugua.

"Basi nimekusaidia," Wakui alisema. "Nimewapigia polisi wa kibandani. Nikasema kuna mtu mgeni, anashikashika vyungu vya mabibi. Wamekuja, wamemchukua kistaarabu kabisa. Hata jina hakutaja, maskini."

Hakuweza kulitaja. Ndiyo kazi.

Kanae aliinama kama anayekaza mkanda wa kimono, mdomo karibu na Seiko yake. Kwenye sikio alikuwa na kidude kidogo kinachopokea kupitia saa hiyo.

"Ogata hayupo," alinong'ona. "Sogeeni."

"Hatusogei." Sauti ya Kumagai ilikuwa na jasho. "Tumekwama Horikawa. Watalii wa majani mekundu. Kuna mabasi mbele, mabasi nyuma."

"Mkuu."

"Gari halisogei, Kanae."

Kivuli kikaanguka juu ya mkono wake. Wakui alikuwa amesimama na kapu, tabasamu bado liko usoni.

"Saa, dada. Utamkwaruzia mwenye nyumba kikombe."

Akaivua. Ikafuata simu. Kapu likapelekwa kwa dereva kwenye Century, na kidude cha sikioni kikabaki kuwa pambo.

Hana silaha. Hana redio. Hana mtu.

Waliingia kwa kutambaa, mlango wa chumba cha chai ulivyo mdogo. Dressel kwanza, kimono cha kijivu kilichomkaa vizuri. Wakui katikati. Kanae mwisho. Wakapiga magoti, makalio juu ya visigino.

Mlango wa karatasi ukateleza. Sadaharu akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka wa tatami. Aliponyanyuka macho yake yalipita juu ya dada yake kama yanavyopita juu ya nguzo.

Amekonda, Kanae aliwaza.

Hakuweza kumwambia. Mbele ya mwenyeji anayezungumza ni mgeni wa kwanza. Mgeni wa mwisho hula, hupangusa bakuli lake, hunyamaza. Dressel aliuliza habari za mwandiko ulioning'inia ukutani, habari za makaa, habari za samaki. Aliuliza vizuri, maswali ya mtu mwenye raha. Sadaharu alimjibu kila moja. Mkono wake ulipomimina sake, pombe ya mchele, mdomo wa chupa uligonga kikombe. Mlio mdogo tu. Ndani ya chumba kile ulisikika kama sahani imevunjika.

Kanae alikula uyoga. Hakujua ladha yake.

Baada ya andazi tamu la maharage, wageni walitolewa bustanini kupumzika, mwenyeji apange chumba upya. Wakui alikuwa akichechemea, miguu imemfa ganzi, anatukana chini chini kwa Kiosaka. Lakini hakumwacha Kanae hatua hata moja.

Upande wa pili wa uzio wa mianzi mtu alikohoa.

Kikohozi cha kutaka kusikiwa.

"Majani ya mwaka huu mengi," ilisema sauti ya Bibi Tokuko. "Bahati yetu wengine, tunafagiliwa."

Kanae aliuangalia uzio. Hakuwa na mpango. Alikuwa na bibi aliyeudhika, basi.

"Bibi Tokuko, tumekukosea," alisema. "Mgeni wetu mkuu, yule bwana wa Ulaya, ndiye aliyeagiza kwenu pafagiwe. Alisikia kwamba majirani zake wa leo ni watu wa heshima, akataka kuwafurahisha. Anatoka baada ya chai. Najua atasikitika akiondoka bila kuwaona."

Jani moja likaanguka.

"Ooo," alisema Bibi Tokuko. "Kumbe ni yeye."

Nyayo zikaenda haraka ndani.

Wakui alikuwa anasugua vigimbi vya miguu. Alimwambia Kanae kwamba wanawake wa Kyoto ndiyo maana yeye alioa kwao Osaka; mtu unazungumzia majani mpaka kesho. Kanae alikubali kwamba ndivyo walivyo.

Upatu ukapigwa. Wakarudi.

Chai nzito ilipita, bakuli moja, kila mtu funda lake. Kisha Dressel akaomba, kwa maneno yale yale yaliyozoeleka, wageni wakitazame kikopo.

Sadaharu alikiweka kwenye tatami. Akakigeuza sura imwelekee mgeni. Akabaki ameinama muda mrefu kuliko desturi.

Dressel akakichukua. Akaegemeza viwiko magotini, kama inavyotakiwa. Akafungua kifuniko, akakitazama ndani, kidole gumba kikapita ukingoni. Halafu akachomoa kifuani zile karatasi nyeupe ambazo kila mgeni huja nazo kwa ajili ya andazi, akajipangusa vidole, akazirudisha kifuani.

Basi.

Kanae aliona kila kitu. Alikuwa mbali naye kwa urefu wa mkeka mmoja. Angemrukia, Wakui angemvunja shingo, na Dressel angelitupa jicho likutwe kwenye chumba cha Sadaharu, kwa wizi wa Sadaharu. Kikopo kikamfikia. Akakitazama kama anavyotakiwa kukitazama. Kilikuwa kitupu, kizuri, na bado kina joto la mkono wa mdogo wake.

Akakirudisha.

Waliagana. Wakatambaa nje. Dressel alivaa viatu taratibu, akasema hii ndiyo safari iliyopangwa vizuri kuliko zote maishani mwake. Akamshukuru Kanae kwa jina. Kutoka kwenye geti mpaka kwenye Century palikuwa na kichochoro kimoja tu kilichonyooka, na dereva alishafungua mlango.

Wakui akafungua geti.

Kichochoro kilikuwa kimejaa.

Bibi Tokuko mbele, amevaa kimono cha sherehe. Nyuma yake mke wa fundi mikeka, mama wa saluni, mabibi wa mpaka kona ya pili, kila mmoja na furushi la kitambaa. Wote wakainama kwa pamoja. Ukuta mpaka ukuta.

Bibi Tokuko alianza. Alisema wao ni watu duni, nyumba yake ni chafu, na bwana mkubwa namna hii kujisumbua na majani yake ni fadhila ambayo hawezi kulala nayo. Akanyoosha mtungi wa achari.

Dressel alisita. Miaka ishirini ya kujua Japani ilikuwa inamtazama.

Akaupokea. Kwa mikono miwili.

Ukaja wa pili juu yake. Boksi la biskuti za mchele. Tofu kwenye ndoo yake. Shali. Kila zawadi na hotuba yake, na kila hotuba na kuinama kwake, na huwezi kumpita mtu aliyeinama. Dressel alikuwa amebeba mpaka kidevuni. Karatasi zilikuwa kifuani pake, na hakuwa na mkono wa kuzigusa.

"Tupisheni," Wakui alisema, akasukuma. Miguu ya ganzi ikamkataa. Akaangukia bega la mke wa fundi mikeka, na ndoo nzima ya maji ya kunyunyiza ikammwagikia. Mabibi wakaanza kumwomba radhi. Watatu. Wanne. Wakampangusa kwa taulo usoni mpaka hakuona.

Dressel alimgeukia Kanae.

"Waambie inatosha."

"Siwezi, bwana," Kanae alisema. Ilikuwa kweli. "Hapa huwa haiishi mpaka iishe."

Ilikuwa inaelekea kuisha. Alihesabu mafurushi yaliyobaki, akaona matatu, akaona mawili. Nyuma yake, ndani ya geti, Sadaharu alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe la mlango, mikono mapajani, anasubiri kama mtu aliye mbele ya daktari. Bado moja.

Kengele ya baiskeli.

Kumagai alitokea mwanzo wa kichochoro juu ya baiskeli ya mwanamke yenye kikapu mbele, tai ya shingo imerukia begani, uso kama nyanya, watu wake wawili wakikimbia nyuma. Aliushika mlango wa Century kwa mkono mmoja ili asianguke. Akaufunga.

Kisha akamwona Kanae akigusa kifua chake mwenyewe, akatembea katikati ya mabibi, akiomba radhi kila hatua, akaingiza vidole viwili kifuani mwa Dressel na kutoa karatasi. Akaifunua ya juu. Kipande cha kioo kikashika mwanga.

Mtungi wa achari ukaanguka.

Wakati pingu zinafungwa Kumagai alimwendea Sadaharu, akamwinamia, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Kazi nzuri." Sadaharu hakuelewa. Alimtafuta dada yake kwa macho.

Kanae alikuwa ameangalia pembeni.

Kichochoro kilikuwa kimevurugika. Majani, maji, figili. Ufagio wa Ogata ulikuwa umeegemea ukuta pale pale alipouacha. Kanae akauchukua. Akafagia mbele ya nyumba, taratibu, mpaka kwenye mpaka. Akavuka upana wa ufagio. Akaishia hapo.

Akaurudisha ukutani, akatoka barabarani bila kuaga.

Bibi Tokuko alitoka kukagua. Aliinama, akautazama mstari ufagio ulipoishia, akakubali kwa kichwa.

Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.