Sonata Iliyofutwa

Siku mwalimu wa piano alipofariki, binti yake alitoka hospitali moja kwa moja hadi duka la kutolea nakala, mkabala na kituo cha mabasi, picha ya baba mkononi. Gauni la kijani lilikuwa la jana, na viatu vyake havikufanana. Foleni ilifika barabarani, mashine zinanguruma, na yeye amesimama tu kama aliyesahau alichofuata.

"Dada wa kijani, pita mbele," kijana wa mashine aliita. Wateja walimwita Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata.

"Na sisi tumekuja kuota jua?" mama mmoja akafoka.

"Mama yangu, mwangalie miguuni kwanza."

Mama akaangalia, akasogea.

Baada ya mazishi Wino alipiga simu kuuliza kama picha zilitosha. Wiki iliyofuata akapiga kumjulia hali. Ya tatu akapiga bila sababu.

"Leo umekosa hata kisingizio?"

"Vimeniishia, Sonata wangu." Alimwita hivyo kwa sababu ndilo neno lililokuwa mdomoni mwa binti kutwa. "Hebu nieleze, sonata ni kitu gani?"

"Ni muziki wenye umbo lake. Kwanza unatambulishwa kwa wimbo. Katikati wimbo huo unavurugwa, unapelekwa kwenye funguo za kigeni, yaani sauti za msingi zisizo zake. Mwisho unarudi kwenye ufunguo wake wa mwanzo. Mimi nasomea kusema unarudi wapi hasa, na kwa nini."

"Yaani unasomea kujua mtu karudi nyumbani saa ngapi? Mbona kila mke anayo hiyo shahada!"

Binti alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Mtihani ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Akifaulu, chuo alichofundisha baba yake kingempa chumba chake cha kufundishia pamoja na wanafunzi wake. Akishindwa, wangeletewa mwalimu mgeni. Tegemeo lake lilikuwa kitabu kimoja, sonata ambayo baba aliichambua kwa penseli tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Alama zile alikuwa amezikariri kwa miaka miwili. Kurasa zilipoanza kuachia, alimpa Wino akiwekee jalada.

Jumamosi alikikuta kaunta kinang'aa, jalada jekundu, na pembeni nakala ya mazoezi. Akafungua. Kurasa nyeupe pe, zimebaki noti tupu, na nakala vilevile.

"Penseli iko wapi?"

"Nimefuta yote!" Wino alitabasamu mpaka magego. "Siku mbili na kifutio, mkono umekufa ganzi. Nikajua tu ni watoto wamechorachora—"

"Umemfuta baba yangu."

Alichukua ile nakala, kitabu akakiacha pale pale, akatoka.

Wino alipiga simu siku nzima. Hatimaye ikapokelewa na shangazi.

"Amesema hayupo."

"Yuko wapi, shangazi?"

"Yuko hapa pembeni yangu, ananikonyeza. Baba, we acha kwanza apoe."

Hakupoa. Alikaa kwenye piano na penseli yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumwambia asikie nini. Alicheza ukurasa mmoja mara ishirini. Baba alikuwa ameandika kwamba wimbo unarudi kipimo cha tisini na mbili, kwa kuhesabu vigawanyo vya noti tangu mwanzo. Akasikiliza. Wimbo ulikuwa ule ule, lakini chini yake mkono wa kushoto ulikuwa bado ugenini. Kurudi kwenyewe kulikuja kipimo cha mia na nane. Alicheza tena, akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea. Alilia, kwa sababu mtu ambaye angebishana naye hakuwepo.

Asubuhi ya mtihani alimkuta Wino kwenye korido ya chuo, shati jeupe limepigwa pasi, macho mekundu.

"Usinifukuze kabla hujaona. Mzee alikuwa anakandamiza penseli. Ukimulika taa kwa ubavu, karatasi bado ina mikwaruzo. Nimenakili yote, mstari kwa mstari."

Alimkabidhi karatasi nyembamba. Binti alifunua hadi kipimo cha tisini na mbili. Maneno ya baba yalikuwepo: *Hapa wimbo unarudi.* Kando yake palikuwa na alama ndogo ya kuuliza. Miaka miwili ya kukariri, na hakuwahi kuiona.

"Kumbe na yeye alikuwa na shaka," alinong'ona. Mlango ukafunguliwa, akaitwa.

Mtahini mkubwa alishusha miwani. "Marehemu baba yako alinifundisha mimi kwamba wimbo unarudi tisini na mbili. Wewe kwenye nakala yako umeandika mia na nane."

"Ndiyo, mwalimu. Pale wimbo unatuzuga. Sikilizeni mkono wa kushoto."

Akacheza pale pa kwanza, kisha pa pili. Mzee akaomba arudie. Akarudia. Watahini wawili wakamtazama mwenzao, naye akaanza kucheka kwa sauti.

"Miaka thelathini nimewafundisha watu makosa! Binti, chumba ni chako."

Alitoka mbio, viatu mkononi. Wino alisimama kama mshtakiwa.

"Wamesemaje?"

"Nimefaulu! Na kama usingefuta, ningejibu kama kasuku."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Bado. Nioe kwanza, kabla sijakumbuka nilivyokasirika."

"Hapa hapa koridoni?"

"Shangazi atatupangia mahali pengine."

Wino alimnyanyua juu mpaka karani wa chuo akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini.

Harusi ni mwezi wa nane. Chumba cha baba, namba sita, kina wanafunzi kumi na wanne, na masomo huanza saa mbili asubuhi.