Chipu za Kontena la Kawangware

Jumatatu, asubuhi

Dalmas alifagia makombo ya mkate mezani kwa kiganja, akaweka bodi moja ya kijani katikati, kisha akaegemea ukuta wa mabati. Hakuna aliyeigusa.

"Bodi zimefika zote," alisema. "Soketi tunazo, lehemu tunayo. Kilichobaki ni chipu."

Chumba kilikuwa nyuma ya kibanda cha dada yake, Aketch, pale Kisumu Ndogo, Kibera. Aketch aliuza omena, dagaa wa ziwani, na harufu yake ndiyo iliyowalinda. Nani angenusa moshi wa lehemu nyuma ya magunia yale? Mbele watu walipimiwa mboga yao. Nyuma genge lilipanga mambo yake.

Walikuwa wanne. Dalmas ndiye mdosi, mtu aliyevunja maduka tangu ujanani na ambaye polisi walimtafuta kwa kesi zaidi ya moja. Collins alishinda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, akiandikiana na wateja wazungu. Mbuvi aliendesha pikapu. Njia za vichochoroni alizijua kuliko mbwa wa mtaa. Wa nne alikuwa Nthenya, binti wa mama mkubwa wa Mbuvi. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono wa lehemu. Aliupata kwenye kiwanda cha kuunganisha redio, kabla hakijafungwa.

Biashara yao ilikuwa ya ajabu, na mwanzoni hata Dalmas aliicheka. Ng'ambo kuna watu wanaopenda kompyuta za zamani jinsi wengine wanavyopenda magari ya kale. Wanazitoa darini, wanazipangusa vumbi, kisha wanataka kuziongezea kumbukumbu. Kadi ya kuziongezea haitengenezwi tena. Nthenya aliokota moja iliyokufa kwenye takataka za ofisi, akaifungua, akaisoma mstari kwa mstari, akaiunda upya. Toleo la kwanza waliliunda kwa chipu zilizoibwa. Liliisha kabla hawajajua wameuza nini.

Sasa wateja walitaka toleo la pili. Nthenya alikuwa amesharekebisha kasoro ya lile la kwanza, kwamba kadi ikipata moto inasahau kila kitu. Lakini bila chipu za aina ile, bodi zile za kijani zilikuwa vibao vya kukatia nyanya tu.

Chipu zilikuwa Kawangware, ndani ya kontena, kwenye uwanja wa kampuni iliyokufa. Zamani ilikuwa ikitengeneza kompyuta za benki. Mwenyewe alikwenda ng'ambo hakurudi. Alibaki mlinzi mmoja wa mchana, mzee aitwaye Ishmael.

Dalmas alieleza mpango taratibu. Jumatano maandamano ya kupinga matokeo ya kura yangeanza. Polisi wote wangekuja kuizingira Kibera. Siku hiyo genge lingekuwa Kawangware. Pikapu ingelala hukohuko. Mbuvi angewatoa kwa njia za ndani, na lami asingeikanyaga hata kidogo.

"Hakuna mtu anaguswa," Dalmas alisema. "Hii ndio kazi ya kwanza maishani mwangu mtu ananiandikia kusema asante."

Collins alicheka. Mbuvi hakucheka. Na Nthenya aliona Dalmas anawatazama mmoja mmoja, akikawia kwake na kwa Mbuvi.

Alijua sababu. Wiki iliyotangulia Collins na Mbuvi walikwenda kuuchungulia ule uwanja, wakakuta Land Rover ya polisi imeegeshwa langoni, kana kwamba inangoja wageni. Mpango ulijulikana na watu wanne tu. Mmoja alikuwa ameongea.

Tena zilikuwa siku mbaya. Wakubwa wa Ukambani walikuwa wameingia serikalini, upande ulioshutumiwa kuiba kura, na Kibera ilikuwa imewajibu kwa chaki na mkaa. Milango ya watu wa Machakos na Kitui ilichorwa alama. Jirani aliyekuwa akimwazima Nthenya jiko alianza kupita kama hamwoni. Siku hiyo, Nthenya alipomsemesha Mbuvi neno moja la Kikamba, Dalmas aliinua kidole. "Hapa tunaongea lugha ambayo kila mtu anaskia."

Jumanne, jua la utosi

Nthenya alishika mtungi akaenda kuteka maji Mashimoni. Foleni ilikuwa ndefu na kimya. Watu walisikiliza redio ya mwenye kibanda kama wanaosikiliza matokeo ya daktari. Aliposogea kivulini, upande wa pili wa tangi, alisikia sauti ya Mbuvi.

Alichungulia. Mbuvi alikuwa amechuchumaa na simu sikioni. Haikuwa simu yake. Yake ilikuwa kubwa, imefungwa kwa raba. Hii ilikuwa ndogo, nyeusi, mpya.

"Kesho, baada ya mchana," Mbuvi alinong'ona. "Dalmas atakuwa Kawangware. Usitoke kabla sijakuita."

Nthenya alirudi nyuma bila mtungi kugonga kitu. Mbuvi alilala naye kwenye mkeka mmoja walipokuwa wadogo Kitui. Mbuvi ndiye aliyempokea Nairobi akamtafutia chumba. Je, mtu kama huyo anaweza kukuuza? Akajijibu kwamba mwezi ule watu walikuwa wameuza walio karibu zaidi.

Alikwenda chumba cha nyuma ajishughulishe na kazi. Alikuwa ameinamia bodi, pasi ya lehemu mkononi, Dalmas alipoingia na kufunga mlango kwa komeo. Alivuta stuli akaketi karibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

Alimwambia kwa upole kwamba vijana wa mtaa wamemuuliza mara mbili kwa nini bado analisha Wakamba. Amewajibu hawa ni watu wake. Lakini hawezi kuwajibu hivyo kila siku, ikiwa mmoja wa watu wake anampeleka kwa polisi.

"Collins nimelala naye seli," alisema. "Mnabaki wawili. Ni wewe ama ni yeye."

Pasi ilifuka moshi. Nthenya aliirudisha kwenye kishikio chake. Aliufikiria mlango wake wenye alama ya mkaa. Aliifikiria ile simu nyeusi. Alitaka kusema hajui, na angesema hivyo kama Dalmas angemtazama kwa hasira. Alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kukata shauri.

"Ana simu ingine," Nthenya alisema.

Dalmas alimuuliza anaongea nini kwayo. Nthenya akamweleza. Dalmas akamgusa bega, akatoka. Hakurudisha komeo.

Jumatano, mchana wa maandamano

Walitoka Kibera mapema kwa miguu, kabla njia hazijafungwa, kila mmoja kivyake. Nyuma yao mabomu ya machozi yalianza kulia, na moshi wa matairi ukapanda mweusi juu ya mabati. Kawangware maduka yalikuwa yamefungwa. Barabarani walikuwepo kuku na vikundi vya vijana waliosimama bila kusema.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa nyuma ya ukuta wa uwanja. Mbuvi alikuwa kwenye usukani. Alimwona Nthenya akatabasamu. Nthenya alitazama chini.

Ishmael hakupigana. Alikuwa mzee wa Kimaragoli mwenye koti la mvua wakati wa jua. Dalmas alimfunga mikono kwa kamba, akamketisha kivulini, akamnywesha maji ya chupa, akamwomba radhi. Kisha Collins akalibana kufuli kwa mkasi wa chuma, nalo likaanguka.

Ndani ya kontena kulikuwa na joto la tanuru. Skrini zilizovunjika, nyaya, viti bila miguu. Nthenya alipanda juu ya rundo akashusha maboksi. La kwanza lilikuwa na panya. La pili lilikuwa na mirija ya plastiki, na ndani ya kila mrija chipu zimepangwa kama mbegu ndani ya ganda. Alitoa moja akaielekeza mlangoni penye mwanga. Miguu iling'aa. Hakuna kutu, wala haijawahi kuguswa na lehemu.

"Ndizo?" Dalmas aliuliza.

"Ndizo."

Dalmas alicheka kama mtu aliyepewa mtoto ampakate. Akalikumbatia boksi. Kwa kitambo kile kifupi Nthenya aliona kadi zile zote zimekamilika mezani. Akadhani labda yale ya jana yamepita.

Hayakuwa yamepita. Dalmas alimkabidhi Collins boksi, akatoka uwanjani, akamwita Mbuvi ashuke.

"Toa simu."

Mbuvi alitoa ile ya raba.

"Ile ingine."

Mbuvi aligeuza macho kwa Nthenya. Nthenya akaona amejua ni nani aliyesema.

"Hiyo siwezi kukupa," Mbuvi alisema. "Si vile unafikiria, Dalmas. Nitakuambia tukifika mbali na hapa."

"Niambie saa hii."

"Siwezi."

Dalmas alimshika shati, Mbuvi akamsukuma. Wakavutana, wakagonga ubavu wa pikapu. Nthenya alimwona Dalmas anapeleka mkono mfukoni mwa nyuma, alikoweka bisibisi ndefu ya kazi. Alipaza sauti akimwita Dalmas. Mkono ulikwenda na kurudi mara moja. Mbuvi aliketi chini polepole, amejishika mbavu, usoni mwake mshangao mtupu. Simu nyeusi ilimtoka mfukoni ikalala kwenye vumbi.

Ikaita.

Hakuna aliyesogea. Iliita, ikaita. Nthenya akainama, akaiokota, akaiweka sikioni.

"Mbuvi," sauti ya mwanamke ilisema, "nimefunga mzigo. Lakini barabara zote zimejaa polisi. Nitatoka aje? Dalmas akirudi anipate hapa itakuwaje?"

Nthenya aliitambua sauti ile. Aliisikia kila siku, ikipima omena upande wa pili wa ukuta.

"Ni Aketch," alimwambia Dalmas. "Alikuwa anatoroka na Aketch."

Dalmas alitazama bisibisi mkononi mwake. Collins alikuwa ameshaingia kwenye pikapu, ameketi pale pa Mbuvi, boksi pembeni, injini inanguruma. Akamwambia Dalmas kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wakibaki hapa wamekwisha. Dalmas akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akapanda, akalipakata boksi lake.

Pikapu ilitoka langoni. Njia ya Mbuvi ilikuwa kushoto, ya udongo, kati ya nyumba. Collins alikata kulia, kuelekea lami.

Nthenya hakuelewa mpaka aliposikia breki, kisha makelele, kisha risasi. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba kabla ya Krismasi Collins alikamatwa, akaachiliwa kwa sharti moja: awaletee Dalmas. Kilichomzuia siku zote kilikuwa dereva. Mbuvi hakuwahi kukanyaga barabara ambayo polisi wangeweza kuziba. Sasa Dalmas mwenyewe alikuwa amemwondoa dereva huyo na kumpa msaliti usukani.

Waliokuwa kwenye kona walisimulia kwamba Collins aliruka nje mikono juu, na hakuna aliyemgusa. Dalmas alipigwa risasi ya mguu, akavutwa nje na boksi lake. Askari mmoja alilimwaga, akachungulia ile mirija, akaipiga teke ikaingia mtaroni. Hawakuwa na haja nayo.

Nthenya alimfungua Ishmael kamba. Mzee angeweza kukimbia. Badala yake alivua koti, akalikandamiza jerahani, akamwambia alishike hivyohivyo bila kulegeza, akaenda kutafuta mkokoteni. Walimsukuma Mbuvi kupitia njia ileile ya udongo aliyoichagua yeye, mpaka kwa nesi mmoja aitwaye Mideva, mwenye zahanati ya chumba kimoja. Mideva alifanya alichoweza. Barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa kwa mawe na moto. Kabla jua halijatua Mbuvi alikuwa amekata roho, na kwa muda wote ule hakumsemesha Nthenya. Alimshika tu mkono, au ni Nthenya aliyemshika wake.

Alhamisi, asubuhi

Aketch, aliyekuwa amepigiwa na Nthenya kwa ile simu nyeusi, alifika zahanatini na vumbi hadi magotini. Alikuwa amepita vichochoroni, akiulizwa kila kona yeye ni wa wapi. Alisimama mlangoni, akauona mwili uliofunikwa hadi kifuani, akaja akaketi upande wa kichwa. Hakulia kwa sauti.

Nthenya alimweleza alichofanya Dalmas na kilichompata. Aketch alitikisa kichwa kama anayesikia habari za mtu wa mbali.

"Wiki iliyopita kaka yangu alimuuliza Mbuvi swali," alisema baadaye. "Alitaka kujua ni nani kati yenu wawili anauza genge kwa karao. Mbuvi aliniambia vile alimjibu."

Aketch aliendelea.

"Alimwambia, 'Nthenya ni dada yangu. Ukitaka kumshuku, anza na mimi.'"

Nje mtu aliburuta ndoo. Mideva, aliyekuwa akikunja vitambaa, aliviacha akatoka taratibu.

"Na wewe?" Aketch aliuliza. "Dalmas alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

Nthenya angeweza kudanganya. Waliokuwepo katika chumba kile cha omena walikuwa wawili, na mmoja alikuwa ndani kwa polisi. Lakini alimweleza yote, tangu foleni ya maji hadi komeo la mlango, bila kupunguza neno.

Aketch alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alifungua leso kiunoni, akaikung'uta vumbi, akamfunika nayo Mbuvi uso, na kuirekebisha pembe moja baada ya nyingine mpaka ikakaa sawa.

"Sasa toka," alisema.

Nthenya akatoka.