Jina Alilolitunga Salha

"Jina hilo umelitoa wapi, mwanangu?"

Bi Mwanasaumu aliuliza akiwa na ufagio mkononi, mlangoni pake, karibu na kisima kikavu cha kijiji cha Junda. Salha, binti wa jirani aliyekuwa akiwatembeza wageni kuwaonyesha mambo ya kale, alijifanya hakusikia. Angejibu nini? Jina alilitunga palepale.

Alikuwa na hasira zake. Amewaeleza wageni kwamba kisima kile kilichimbwa na wanawake, mawe wakiyabeba kichwani. Wao wanapiga miayo, wanapiga picha mbuzi! Alipotamka neno jini tu, simu zote zikainuka. Haya, basi, chukueni jini.

"Anaitwa Mwana Marijani," aliwarudia wageni. "Yumo humu mpaka leo."

"Si umwite tumwone," mgeni mmoja, Wafula, akamchokoza. "Ama amesafiri?"

Salha akainama. "Mwana Marijaniii!"

"Abee," kisima kikaitika.

Sauti ya kike, ya adabu, kama ya msichana aliyeitwa na mamake. Wageni wakapiga makofi. Salha akamkazia macho Wafula.

"Ni simu yako hiyo?"

"Mimi? Haki ya Mungu, kwetu hatuitiki hivyo."

Harufu ya asumini mbichi ikapanda kutoka kule chini. Bi Mwanasaumu akaangusha ufagio.

"Umemwita, kaitika," akanong'ona. "Mwambie ulichomwitia, kisha mpe ruhusa aende. Ukimwacha hivyo atakufuata."

"Bibi, wallahi jina nimelitunga mwenyewe!"

"Basi alikuwa hana, umempa wewe."

Salha, bingwa wa midahalo chuoni, alicheka. Njama za Wafula na huyu bibi, alijiambia, wamepanga kunifedhehesha. Akawaongoza wageni wake mbele, bila kukiaga kisima.

Magharibi alikuwa chumbani kwake akivua viatu, bado akimshuku Wafula, mamake alipoita kutoka uani. "Salha! Niletee maji ya udhu."

"Abee, mama."

Hakuwa yeye. Ilikuwa sauti yake hasa, lakini imetoka jikoni, laini kuliko anavyoitika yeye siku zote, na nyuma yake zikafuata nyayo zisizo na haraka, na kata ikigonga pipa, na maji yakimiminwa, na ile asumini ikipenya chini ya mlango hadi kooni mwake, naye akitaka kupiga kelele kwamba mimi niko huku, mama, mimi ndiye Salha, asipate pumzi, mpaka akajitupa nje pekupeku.

Mama alikuwa ameshika kopo limejaa, uso ameuelekeza kwenye giza la jikoni, akitabasamu.

"Ahsante, mwanangu. Leo una adabu wewe!"

Salha akaukamata mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Mama, tafadhali, usiniite tena. Ukinitaka, njoo unishike."