Mashavu Yale Hayakuwa Unono

Asubuhi hiyo Mama Kibibi, fundi cherehani, alikuwa akimvalisha binti yake sare. Kifungo cha kola kikakataa kufungika. Kola hiyo alikuwa ameshaipanua mara mbili mwezi huo. La ajabu, sketi ilimpwaya mtoto kiunoni.

Watu walimsifu mtoto huyo. Amenawiri, walisema. Shangazi yake alimtania kwamba analamba sukari kwa kujificha. Lakini Kibibi, mwenye miaka tisa, alikuwa na kikohozi kwa wiki ya tano sasa. Usiku alilala ameketi, ameegemea mito. Akijinyoosha kitandani, pumzi ilimbana.

Mama yake alimpeleka zahanati mara tatu. Mara zote tabibu alimwandikia dawa ya maji ya kikohozi bila kumgusa. Mara ya tatu alimwambia mama aache kumdekeza mtoto. Jamani, kifua husikilizwa kutoka ng'ambo ya meza?

Siku hiyo ya kola, mama alimpeleka Kibibi kwa jirani, nesi mstaafu. Watoto wa mtaa humwita Bibi Sindano, na yeye huitika. Alimtazama Kibibi usoni, kisha shingoni, kisha kifuani.

"Mwanangu, huku si kunenepa," alimwambia mama. "Uso umevimba na mishipa imetutumka. Kuna kitu ndani kinabana njia ya hewa, tena kinabana mshipa unaoshusha damu kutoka kichwani."

"Ni pumu, bibi?" mama aliuliza.

"Sitabahatisha. Ni nadra, lakini huenda ni uvimbe. Twende hospitali kubwa sasa hivi. Usiniambie kesho."

Njiani alimweleza mama kwamba mtoto abaki ameketi. Mtu yeyote asimlaze chali, wala asimpe dawa ya usingizi ili atulie.

Hospitalini, mpiga picha za eksirei alimwamuru Kibibi alale mezani. Mtoto mtiifu, akalala. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Bibi Sindano akamwinua mbiombio. Mpiga picha akafoka kwamba chumba kile kina utaratibu wake.

"Utaratibu wako utampiga picha maiti," Bibi Sindano alimjibu. "Mpige akiwa ameketi."

Akampiga akiwa ameketi. Picha ilionyesha uvimbe mkubwa katikati ya kifua. Hapo ndipo wahudumu walipoanza kukimbia huku na huko. Daktari wa watoto alimwekea hewa ya oksijeni, akamwacha ameketi. Alichukua kipande kidogo cha kupima kwenye tezi iliyovimba shingoni, kwa ganzi tu. Alimweleza mama kwamba dawa ya usingizi ingeweza kulegeza kifua, uvimbe ukaziba njia ya hewa kabisa.

Ilikuwa saratani, ya aina ambayo watoto wengi hupona wakiwahi. Matibabu yalichukua miezi mingi. Kibibi alitapika, nywele zikanyonyoka, akalia. Leo, Mungu ashukuriwe, picha ya kifua chake ni safi. Bado anakwenda kliniki kuangaliwa.

Mama yake alirudi zahanati. Aliweka picha mbili mbele ya tabibu, ya kwanza na ya mwisho.

"Huyu ndiye niliyekuwa namdekeza," alisema.

Tabibu alizitazama moja baada ya nyingine. Hakuomba radhi, na jambo hilo halisameheki kirahisi. Mama akazichukua picha zake. Alipofika mlangoni, alipishana na mwanamke aliyebeba mtoto anayekohoa. Nyuma yake akasikia kiti kikisogezwa. Tabibu alikuwa amesimama.

"Mlete karibu," alimwambia yule mwanamke. "Usiku analalaje?"